Monita Mbili Zisizofanana za Meza ya Dirishani

Jofrey, kijana aliyechukua nafasi yangu ofisini, amenipigia simu kuniuliza swali nililokuwa nalisubiri tangu niondoke.

"Dada Tatu, hivi hii meza ya dirishani nani aliipanga? Monita moja pana, nyingine ya mraba kama dirisha la choo. Mteja akiingia anadhani tumeokota. Na stoo nimekuta pacha wa hii pana, mzima kabisa. Nimweke?"

"Usiguse."

"Kwani ni mbovu?"

"Si mbovu. Ila usiguse."

Alianza kucheka, mtandao wa huku kijijini Kinole ukakatika kama kawaida yake, na mimi nikabaki nimeshika simu kwenye kibaraza cha mama. Nikaona ni heri niandike. Jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kwa simu inayokatika, na meza ile ndiyo kazi pekee niliyofanya ofisini ambayo bado nikiikumbuka sipati wasiwasi.

Najua neno kustaafu linachekesha kwa mtu asiye na mvi hata moja. Siku ya kuniaga wenzangu waliandika juu ya keki "Mstaafu Wetu", wakacheka sana, nami nikacheka nao huku nikiangalia kama herufi zimekaa sawa. Hazikukaa sawa. Ukweli ni kwamba mama amechoka kupanda na kushuka shamba la mdalasini na pilipili manga, na mimi ndiye mtoto aliyebaki karibu. Kompyuta nimeziacha, na sina mpango wa kuzirudia. Kwa hiyo nimestaafu.

Kabla ya yote Jofrey anapaswa kujua mtu anayemwandikia. Sikusomea kompyuta. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma mabaraza ya mtandaoni ambako watu nisiowajua walibishana kwa Kiingereza kuhusu kadi za grafiki, zile zinazopeleka picha kwenye monita, nami nikiwa na kamusi pembeni. Mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu moja isiyoisha: kwamba kuna ukurasa fulani ambao wengine wote waliusoma darasani, na yeye aliuruka. Kwa sababu ya hofu hiyo nilikuwa nakagua kila kitu mara mbili, kisha nakagua ukaguzi. Nimewahi kushuka kwenye bodaboda nikiwa nimekaribia nyumbani na kurudi ofisini kuhakikisha nimezima mashine niliyokuwa nimeizima. Nilipanga monita kwa rula. Wenzangu walidhani natania.

Kazi niliianza kwenye kibanda cha Fundi Chande, mtengeneza televisheni, karibu na soko. Nilikwenda kumwomba anionyeshe kushika bunduki ya kulehemu tu, nikakaa miaka. Siku ya kwanza aliniletea televisheni isiyoonyesha picha. Nikafungua mgongo wote, nikapanga skrubu kwa ukubwa juu ya gazeti, nikaanza kupima kimoja kimoja. Yeye alikuwa anakunywa kahawa. Alipomaliza kikombe alikuja, akachomoa waya wa picha, akachomeka mwingine aliokuwa nao shingoni kama kipimo cha fundi cherehani. Picha ikarudi.

"We Tatu," alisema, "umempasua mgonjwa kifua, kumbe amevaa kiatu kinachombana."

Waya ule wa shingoni aliuita shahidi. Hakuutumia kwa kazi nyingine yoyote, hakuuazima, na kwa sababu hiyo aliuamini. Nilipoondoka kwake alinipa wa kwangu. Jofrey, uko kwenye droo ya juu, ndani ya soksi nyeupe. Kabla hujailaumu kadi, kabla hujagusa draiva, weka shahidi. Na usimwazime mtu.

Ofisi ninayoisema ni ya kuchora ramani: mipaka ya vijiji, mashamba, njia za maji. Iko ghorofani huko Morogoro Mjini, na madirisha ya upande mmoja yanatazama milima ya Uluguru. Mashine zote zinatumia mfumo wa Linux, kwa sababu ilikuwa bure na kwa sababu ile mifumo ya awali ilikuwa imeliwa na virusi vya flashi za wateja. Bosi wetu, Bwana Lyimo, aliniajiri baada ya kunisikia nikibishana na muuza vifaa dukani kuhusu kadi. Alidhani mtu anayebisha kwa sauti kiasi kile lazima awe anajua. Kumbe nilikuwa nabisha kwa woga.

Siku yangu ya kwanza pale alinipokea Mzee Mloka, mchoraji mkongwe, aliyekaa meza ya dirishani. Alianza kuchora ramani enzi za kalamu za wino na karatasi ya kupitisha mwanga, na alipoletewa kompyuta aliikubali bila kelele, kama mtu anayeletewa mkwe asiyemchagua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa mashine?"

"Najaribu, mzee."

"Basi anza na hii. Inaona kwa jicho moja."

Mashine yake ilikuwa na monita mbili, lakini moja ilionyesha maandishi makubwa ya kuchekesha, kama ya kitabu cha chekechea. Nilihangaika na mipangilio mpaka jasho likanitoka. Kisha nikamkumbuka Chande, nikaweka shahidi, na monita ikatulia. Waya wake wa zamani ulikuwa wa bei ya chini. Ulitengenezwa bila nyuzi zile nyembamba zinazobeba habari za monita. Maana kadi na monita husalimiana kwanza. Kadi hubisha hodi, na monita hujibu kwa kutaja jina lake, upana wake na kimo chake. Waya usiopitisha salamu huiacha kadi ikibahatisha, na kadi inayobahatisha huchagua umbo dogo kuliko yote ili isikosee. Nililielewa jambo hilo upesi. Mimi mwenyewe hufanya hivyo hivyo nikiingia mahali nisipojulikana.

Yalikuwepo mengine mengi. Kulikuwa na kadi yenye matundu matatu mgongoni, nami nikamwahidi bosi monita tatu kwa ajili ya meza yake. Ya tatu ikakataa katakata. Nilibadilisha draiva, nikabadilisha kiini cha mfumo, ile sehemu inayoongoza vifaa vyote, nikakosa usingizi. Mwishowe nikasoma kwamba kadi za aina ile zina matundu matatu lakini wapiga ngoma wawili tu ndani: monita mbili zinaweza kucheza kwa mdundo wao, na ya tatu lazima ipite kwenye tundu maalumu lenye mdundo wake, kwa adapta yenye chipu yake ndani, siyo ile adapta tupu ya kubadilisha umbo la kichwa. Bosi alifurahi. Sikumwambia kwamba habari hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Sasa anajua.

Na kuna ile asubuhi niliyosasisha mfumo siku ya kukabidhi kazi kwa mteja. Kiini kipya kilikuwa kimeshaacha kuisaidia kadi yetu ya zamani, na mashine ikawaka kioo cheusi. Kiini cha zamani kilikuwepo bado kwenye orodha ya kuwasha, nikarudi nacho na kazi ikatoka. Lakini tangu siku hiyo sigusi mfumo wa mtu ambaye mteja wake yuko njiani. Nawe usiguse.

Sasa nifike kwenye mambo ya radi, maana ndiko meza ya dirishani ilikotokea.

Kabla sijaajiriwa, mvua moja ya masika iliunguza kadi kadhaa pale ofisini. Watu walikuwa wamechomoa mashine ukutani kama kawaida, lakini monita walikuwa wameziacha kwenye umeme, na radi ikapita kwenye monita, ikafuata waya wa picha, ikaingia kwenye kadi kwa mlango wa nyuma. Iliyopona ni mashine moja tu, ya Mzee Mloka, kwa sababu yeye alikuwa amechomoa kila kitu. Tangu hapo ikawa desturi ya ofisi. Wingu likikaa juu ya mlima na kuwa jeusi tumboni, Mzee Mloka husimama na kusema, "Jamani, tuzivue," na watu wote huzivua mashine nyaya zote, za umeme, za picha, za mtandao, mpaka zinabaki uchi juu ya meza. Asubuhi kila mtu huivalisha ya kwake. Fundi mwenye elimu angecheka. Mimi nilipofika niliipenda desturi hiyo mara moja. Hatimaye nilikuwa mahali ambapo hofu yangu ilikuwa utaratibu wa kazi.

Baada ya kunizoea, Mzee Mloka aliniomba kitu kimoja tu. Alitaka monita mbili zilizofanana, maana alichora mpaka kwenye moja huku akitazama picha ya angani kwenye nyingine, na rangi za kijani zilimchanganya: msitu wa kushoto haukufanana na msitu wa kulia. Nilizunguka maduka yote ya vitu vya mtumba mpaka nikazipata, pana, kampuni moja, toleo moja. Nikasawazisha rangi, nikapima kwa rula. Mzee akazipa majina palepale.

"Huyu Kulwa, huyu Doto. Mama yao umejifungua salama?"

"Salama, mzee."

Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia meza ile. Wakati mwingine nilikuwa napita karibu yake bila sababu.

Kisha mzee akapata kiharusi. Hakikuwa kikubwa. Alikaa nyumbani kwa muda, akarudi ofisini akitembea mwenyewe, mkono wa kushoto ukiwa mzito, maneno yake yakiwa yaleyale. Kilichobadilika kilikuwa cha ajabu zaidi. Macho yalikuwa mazima, lakini upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umemtoroka. Alikula upande wa kulia wa sahani tu na kuuliza kama chakula kimeisha. Ukisimama kushoto kwake hakuoni mpaka uongee. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia ajizoeze kugeuza shingo, naye alijizoeza, kwa bidii, lakini alisahau kama yeyote anavyosahau kitu asichojua kwamba hakipo.

Nilisogeza meza. Kulwa nikamweka mbele yake kabisa, pa kuchorea. Doto nikamweka kulia, pa picha ya angani. Kushoto nikaacha ukuta mtupu. Alikaa, akapeleka mausi kulia, mshale ukavuka kutoka kwa Kulwa kwenda kwa Doto, akacheka kidogo.

"Hapa naweza," alisema. "Mwanangu, imebaki miaka michache nistaafu. Nataka nitoke kwa mlango, nikitembea. Sitaki kutolewa."

Mwanzoni alifanya kazi vizuri. Kisha masika yakaanza, na asubuhi moja nikamkuta amekaa wima, mkono juu ya mausi, anatazama mbele bila kufanya lolote.

"Mshale umepotea," alinong'ona.

Nilitazama. Picha zilikuwa zimebadilishana: mchoro uko kwa Doto, picha ya angani iko kwa Kulwa. Kompyuta sasa iliamini kwamba kulia ni kushoto. Alipopeleka mausi kulia mshale uligonga ukingo ukasimama, na alipoyumbisha mkono ulitoka kwa ukingo wa kushoto, upande asioutazama kamwe, kisha ukaenda kuibukia mbali kabisa kwenye monita nyingine. Mtu yeyote angeuona. Yeye hakuuona.

Niligeuza mipangilio, kazi ikaendelea. Baada ya siku kadhaa ikatokea tena. Kisha siku nyingi ikawa shwari, kisha tena. Nilibadilisha draiva. Nilirudisha kiini cha zamani. Nilibadilisha kadi nzima na ya kwangu ya nyumbani. Nilisoma mabaraza mpaka nikaanza kuwachukia watu walioandika "mimi kwangu inafanya kazi". Hakuna kosa linalonitesa kama lile linalokuja na kuondoka, kwa sababu likiondoka huwezi kujua kama umelitibu au limekwenda kupumzika.

Wakati huo watu walikuwa wameanza kuongea. Wao hawakuiona kadi. Walimwona mzee amekaa na mausi mkononi, kimya, kama mtu anayesubiri basi lisilokuja. Neema, aliyekaa meza ya jirani, alikuwa anafuta machozi kwa siri. Bosi akaniita chemba.

"Tatu, niambie ukweli. Ni mashine au ni mzee?"

"Sijui bado, bosi."

"Mimi huyu mtu namheshimu. Kanifundisha kazi kabla sijawa na ofisi. Lakini jana kakaa nusu siku bila kuchora mstari. Nikimwacha hapo watu wanamhurumia, na yeye anaona. Masika yakiisha kama bado yuko hivi, nitampumzisha. Siyo kumfukuza. Kumpumzisha."

Nilirudi mezani nikamkuta mzee ananitazama. Ofisi zetu kuta zake ni mbao nyembamba.

"Usijisumbue sana, mwanangu," alisema. "Huenda siyo mashine. Huenda nimekwisha tu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja hali ya hewa. Nilikwenda msalani nikafungua bomba ili nisisikike.

Siku chache baadaye wingu likakaa mlimani. Mzee akasimama akishikilia meza. "Jamani, tuzivue." Watu wakavua. Na kesho yake, kwa sababu nilikuwa nimekosa usingizi kwa mawazo na nikachoka kugaagaa kitandani, niliwahi ofisini kabla ya wote isipokuwa yeye. Alikuwa ameshapiga goti moja sakafuni, mkono wa kushoto umeegemea meza, wa kulia umezama nyuma ya mashine. Uso wake ulitazama dirishani. Alikuwa anapapasa. Akaokota waya wa picha uliokuwa karibu, akatafuta tundu kwa kidole, akachomeka. Akaokota wa pili, akachomeka kwenye tundu lililobaki. Akainuka polepole, akakaa, akawasha.

Na mshale ukapotea.

Nilisimama mlangoni. Mfumo wetu ulikuwa unakumbuka tundu, siyo monita: tundu la kwanza ni mbele, tundu la pili ni kulia. Miaka yote kabla ya kiharusi alikuwa anachomeka kwa macho, sawasawa. Sasa anachomeka kwa kidole, na mara anapatia, mara anakosa. Wengine nao walikuwa wanakosea, nimewaona baadaye. Wakikosea wanaona, wanageuza nyaya, wanaendelea, na hata hawakumbuki kama walikosea. Yeye peke yake alikuwa halioni kosa ambalo wenzake wote walilifanya.

Hapo nilikuwa na jibu la bosi, na jibu hilo lingemmaliza mzee. "Ni mashine au ni mzee?" Ni mzee. Ningelisema, na lingekuwa kweli, na lingekuwa uongo.

Nilijaribu njia ya mkato. Mvua iliyofuata nilimwahi asubuhi. "Leo ngoja nikuvalishie mimi, mzee." Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Acha, mwanangu. Niachie hata hili moja."

Nikaacha. Nikapaka rangi ya kucha nyekundu kwenye tundu la kwanza na kwenye waya wa Kulwa, nikamwonyesha. "Ee, nimeiona," alisema kwa adabu. Baada ya mvua nyingine alipapasa vilevile, akitazama dirishani, maana rangi nyekundu haina maana kwenye ncha ya kidole.

Kwa hiyo kompyuta ndiyo ilipaswa kujua. Niliamua kuandika programu fupi ambayo, mashine ikiwaka, ingeuliza kila monita jina lake na kuipanga mahali pake, bila kujali imeingia tundu gani. Niliiandika, nikaikagua, nikakagua ukaguzi, nikaijaribu. Haikufanya kitu. Nikasoma majibu ya monita, mstari kwa mstari, na pale nikaelewa.

Kila monita hubeba jina la kampuni, toleo, na namba yake yenyewe ya kuitofautisha na ndugu zake. Hizi zangu zilikuwa za bei nafuu. Aliyezitengeneza hakujisumbua, alizipa zote namba moja. Kompyuta iliuliza upande huu, ikajibiwa jina. Ikauliza upande ule, ikajibiwa jina lilelile. Mapacha niliowatafuta mji mzima, niliowapima kwa rula, walikuwa wamefanana mno. Kama wangekuwa na tofauti yoyote ndogo, mzee asingepotea.

Stoo kulikuwa na monita ya mraba, ya rangi ya kijivu iliyogeuka njano, yenye alama ya gundi kwenye kona mahali mtu alipobandika stika zamani. Nilikuwa nimeikataa mara nyingi. Niliitoa, nikaifuta, nikaiweka mahali pa Doto. Kijani chake kilikuwa cha ugonjwa. Ukingo wake ulikuwa chini ya ukingo wa Kulwa kwa vidole vitatu, na hakuna kitu nilichoweza kuweka chini yake kikalingana. Nakiri kwamba nilijaribu vitabu.

Mzee aliitazama. "Doto amekwenda wapi?"

"Yuko stoo. Huyu ndiye tuliye naye, mzee. Kijani chake utakivumilia?"

"Huyu hata jina hana."

"Analo," nilisema. "Ndiyo maana nimemleta."

Mvua ilikuja siku ya pili yake, kubwa, na radi iliyopiga upande wa milimani mpaka vioo vikatetemeka. Wote tukavua. Asubuhi nilifika mapema, nikajifanya natafuta kitu kwenye droo. Mzee alipiga goti. Akapapasa. Kutoka mahali nilipokaa niliona wazi: waya wa monita ya mraba ukaingia tundu jekundu. Amekosea. Bosi naye alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Neema akaacha kuchapa.

Mzee akakaa, akawasha. Monita zote mbili zikawa nyeusi, zikakaa nyeusi, na mimi nikawa nafikiri juu ya kila mstari wa programu yangu, na ule ukurasa niliouruka. Kisha Kulwa akawaka na mchoro. Ya mraba ikawaka na picha ya angani. Mzee akashika mausi, akaipeleka kulia. Mshale ukafika ukingoni, ukavuka.

Akaikuza picha, akatafuta mto, akarudi kwa Kulwa akaanza kuchora mpaka. Alikuwa anafanya kazi.

Bosi alisimama pale mpaka chai ikapoa. Akapita mezani kwangu.

"Hiyo ya mraba mbaya sana, Tatu."

"Najua, bosi."

Hakuniuliza tena lile swali, na masika yalipoisha hakuna aliyepumzishwa.

Mzee Mloka alimaliza miaka yake. Siku ya mwisho ilikuwa kiangazi, mlima wote unaonekana, hakuna wingu hata la kutafuta. Baada ya hotuba na soda, watu walipokuwa wanatafuta mabegi, alirudi kwenye meza ya dirishani, akazima mashine, akapiga goti lake.

"Mzee, leo hakuna radi."

"Najua. Naivua tu."

Alichomoa nyaya moja moja, akazikunja vizuri. Akabaki na zile mbili za picha mkononi, amenipa mgongo. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, kwa hiyo hakujua niko karibu kiasi gani mpaka nilipokohoa.

"Mwanangu. Zile siku mshale ulipokuwa unapotea. Hizi nyaya nilikuwa nazikosea mimi, siyo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa muda mrefu. Siwezi kudanganya vizuri. Huwa narudi kusahihisha.

"Wote walikuwa wanakosea, mzee. Ila kompyuta ilikuwa haiwezi kutofautisha kushoto na kulia."

Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka.

"Basi tulikuwa wawili," alisema.

Akaziweka nyaya juu ya monita ya mraba, akainuka mwenyewe, akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango.